Je, wajua kwa nini asiyejua Kiswahili hucheza singeli?

Muziki wa singeli ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani, vya Manzese, Tandale na Mburahati. Biti yake hupita midundo 200 kwa dakika, nyingine hukaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na tangu hapo watayarishaji wake wamekuwa wakialikwa hadi Ulaya. Huko wanarusha watu wasioambulia neno hata moja la MC. Inakuwaje?

Kwanza, mdundo tunazaliwa nao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto wachanga wa siku mbili tatu walipigiwa ngoma wakiwa usingizini huku ubongo wao ukipimwa. Pigo kuu liliporukwa, ubongo ulishtuka. Mama hajaitwa mama bado, lakini mtoto anajua pigo lijalo linaangukia wapi! Kwa mtu mzima, maeneo ya ubongo yanayoendesha misuli huamka kwa mdundo hata akiwa ametulia kwenye kiti.

Utasema midundo 240 haichezeki. Wengi kweli hupendelea mwendo wa karibu 120, ila 120 ni nusu kamili ya 240. Ndiyo maana mgeni anaweza kukanyaga pigo moja na kuliacha linalofuata, asipotee. Wenyeji wa vigodoro ndio wenye ubavu wa kuzikimbiza zote.

Halafu kuna besi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walifunga spika za sauti nzito mno, ambayo sikio haliinasi vizuri, kwenye onyesho la kundi la muziki wa kielektroniki la Orphx. Wakaziwasha na kuzizima kimyakimya. Matokeo yao ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba zikiwaka, watu walijitikisa kwa asilimia 11.8 zaidi, jaribio jingine likathibitisha kwamba hawatambui zimewaka saa ngapi. Inadhaniwa mawimbi hayo hupitia ngozi na sikio la ndani, panapotunzwa mizani ya mwili.

Kinachompita mgeni ni mipasho na utani wa MC, na kwangu hiyo si hasara ndogo. Ila baadhi ya biti za Sisso hazina MC kabisa: ni ngoma na vinanda vilivyokatwa, vikazungushwa na kukimbizwa kwenye kompyuta. Hapo Mpolandi na mtoto wa Tandale wanasikiliza kitu kilekile.