Nywele za Saluni za Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukiketi nusu siku katika saluni yoyote ya Wandegeya, hapa Kampala, hukosi kumwona binti akitoa simu, akimwonyesha msusi kichwa chenye mawimbi yaliyolala bapa hadi shavuni, na kusema, "Dada, nataka huu mtindo mpya." Mtindo huo una umri wa karibu miaka 100. Si aibu kutojua hilo, lakini kutojua kuna gharama yake pale kwenye kiti, kwa maana mteja anayedhani kuwa mtindo ni picha tu hawezi kueleza anachotaka, na msusi asiyejua ulivyotengenezwa hubaki kubahatisha kwa jeli na moto. Sehemu ya sababu, kwa maoni yangu, iko shuleni. Katika shule nyingi za Uganda wasichana hunyoa nywele hadi wamalize sekondari, hivyo wengi huanza kuzitengeneza wakiwa watu wazima, bila kuwahi kukaa katikati ya magoti ya shangazi na kuona mkono unavyofanya kazi. Mwalimu wao ni picha, na picha haisemi kama nywele zilikuwa kavu au zilikuwa zimelowa.

"Mawimbi yote ni yale yale, na yote hutaka moto"

Dai hili linaniudhi kuliko mengine kwa sababu linaunguza nywele za watu. Mawimbi ya moto yana historia yake: katika miaka ya 1870 mjini Paris, mtengeneza nywele aliyeitwa Marcel Grateau alitumia koleo lililopashwa moto, akaligeuzageuza mkononi kwa namna iliyoacha nywele zikiwa na mabonde na vilima vinavyofuatana, na kazi hiyo ikabeba jina lake. Nywele zake zilikuwa kavu, na chuma ndicho kilichofanya kazi.

Mawimbi ya vidole, yale yaliyovaliwa miaka ya 1920 na 1930 na ambayo ndiyo hasa yanayoombwa Wandegeya leo, hayataki chuma kabisa. Nywele hulowanishwa na kupakwa jeli, ambayo zamani ilikuwa ute uliochemshwa kutoka kwenye mbegu za kitani. Msusi hubonyeza kidole cha shahada juu ya kichwa, kitana husukuma nywele upande mmoja chini ya kidole hicho, kisha kidole cha pili hushuka na kubana ukingo uliojitokeza ili usianguke. Mstari unaofuata husukumwa upande wa pili, na hivyo hivyo hadi sikioni. Baada ya hapo mteja huwekwa chini ya draya mpaka kichwa kikauke kabisa, na kukurupuka kuondoka kabla ya wakati ndiko kunakoharibu kazi nzima. Maji hulegeza viungo dhaifu vilivyomo ndani ya unywele, na unywele unapokauka viungo hivyo hushikana upya katika umbo ulilolazwa. Ndiyo maana mvua moja ya saa tisa alasiri hapa Kampala yatosha kuyafuta mawimbi yote.

Mawimbi ya kudumu ni jambo la tatu. Mjerumani Karl Nessler aliyaonyesha mjini London mwanzoni mwa karne ya 20, kwa rola za shaba zilizopashwa moto na kuning'inizwa kwa vizani ili uzito usimwelemee mteja, baada ya majaribio ya awali kumuunguza mke wake mwenyewe. Dawa za aina hiyo huvunja viungo vya salfa vilivyo imara zaidi, na sehemu iliyokwisha kubadilika hairudi kama ilivyokuwa, husubiri kukatwa. Kumwambia msusi "nifanyie mawimbi" bila kusema ni yapi kati ya haya matatu ni sawa na kumwambia fundi wa nguo akushonee tu kitu.

Na ni vyema kuongeza kwamba mawimbi ya bapa hayakuwa ya nywele za singa peke yake. Josephine Baker, mcheza ngoma mweusi wa Marekani aliyefika Paris mwaka 1925, aliyafanya maarufu kwa nywele fupi zilizogandishwa kichwani na kung'aa, kiasi kwamba mafuta mazito ya nywele yaliuzwa kwa jina la Bakerfix. Kwa nywele za kipilipili, au kaweke kama Waganda wanavyoziita, ufupi ndio siri: nywele zikiwa fupi na zimelainishwa, hulala, zikiwa ndefu, hugoma.

"Madam C. J. Walker ndiye aliyevumbua chanuo la moto"

Sivyo. Sarah Breedlove, mfanyabiashara mweusi wa Marekani aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kujulikana baadaye kwa jina hilo, alijenga biashara yake juu ya dawa za ngozi ya kichwa na za kukuza nywele, na kwa jeshi la wanawake aliowafundisha kuziuza. Machanuo ya kupasha moto yalikuwa yakitumika Ufaransa kabla yake. Alichofanya ni kulieneza chanuo hilo miongoni mwa wateja wake, na hiyo nayo si kazi ndogo.

"Bob ilianzia kwa Vidal Sassoon"

Wanawake walikuwa wamekwisha kukata nywele usawa wa taya nusu karne kabla yake. Mcheza dansi Irene Castle aliupa mtindo huo umaarufu Marekani karibu na mwaka 1915, na katika miaka ya 1920 wanawake walipanga foleni kwa vinyozi wa wanaume kwa sababu watengeneza nywele wa kike wengi walikataa kuwakata. Sassoon, aliyekuwa na saluni London, alileta jambo tofauti katika miaka ya 1960: alikata kwa hesabu ya pembe, nywele zikaanguka mahali pake zenyewe, na mteja akaacha kwenda saluni kila wiki kulala chini ya rola. Alichobadilisha hasa ni ratiba ya mwanamke.

Hapa kwetu ratiba hiyo haikubadilika kwa njia ile ile, kwa kuwa ukataji wa Sassoon hutegemea nywele zinazoanguka, na za kipilipili hazianguki mpaka zinyooshwe. Kwa hiyo bob ya Kampala kwa kawaida ni wigi. Kuna wasusi wanaolikata likiwa juu ya kichwa cha plastiki, na kuna wanaolikata likiwa limevaliwa, mteja akiinua na kuinamisha kidevu kila anapoambiwa. Wa pili hutumia muda mrefu zaidi, lakini taya hazifanani, na mstari wa bob huonekana umepinda hata kwa tofauti ya upana wa kidole kimoja.

"Mzinga wa nyuki ulikuwa wigi lililojazwa pamba"

Margaret Vinci Heldt, mwenye saluni Chicago, aliubuni mtindo huu wa nywele zilizoinuliwa juu kichwani mwaka 1960 baada ya jarida la watengeneza nywele kumwomba kitu kipya, naye akachukua umbo la kofia yake ndogo ya mahameli. Zilikuwa nywele za mteja mwenyewe, zilizochanwa kinyumenyume kuelekea kwenye mzizi mpaka zikajifunga na kusimama, kisha tabaka la juu likalainishwa na kupuliziwa spirei. Uliweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa. Nyongeza za nywele zilikuja kwa wingi baadaye, na mwimbaji Amy Winehouse alizitumia alipourudisha mtindo huo katika miaka ya 2000.

"Afro ni nywele zilizoachwa tu"

Nywele zilizoachwa tu hufanya mashada, hujikunja, na hubonyea upande uliolalia. Afro ya mviringo iliyojulikana dunia nzima kupitia harakati za Wamarekani weusi, na kupitia picha ya mwanaharakati Angela Davis kwenye tangazo la kumsaka lililotolewa na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, mwaka 1970, ni kazi ya mkasi na chanuo la meno marefu. Nywele hunyanyuliwa kutoka kwenye mzizi, mkataji hurudi nyuma hatua mbili kuangalia kivuli cha kichwa kizima, hupunguza kilichozidi, kisha hunyanyua tena.

Dai linaloambatana na hili ni kwamba Afrika Mashariki ya wakati ule iliacha kila mwanamke avae kichwa apendavyo. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 Operesheni Vijana, iliyopiga vita minisketi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Hapa Uganda serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku minisketi mwaka 1972, na marufuku ya mawigi ikafuata. Mwanamke aliyefuata mtindo wa saluni miaka hiyo alihitaji kujua sheria pamoja na mitindo.

"Kalikiti ilibuniwa na mweusi, na ilikuwa mafuta tu"

Jheri Redding, ambaye jina lake lilipewa mtindo huo wa mikunjo inayong'aa kwa mafuta Marekani katika miaka ya 1970, alikuwa mzungu wa Illinois. Jina letu la kalikiti lina asili nyingine: limetokana na boksi la Curly Kit, dawa ya kujitengenezea nyumbani ambayo kampuni ya Comer Cottrell, mfanyabiashara mweusi, iliitoa karibu mwaka 1980 kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ya saluni. Kazi yenyewe ilikuwa dawa mara mbili: ya kwanza ikinyoosha, ya pili ikikunja upya juu ya rola. Mafuta ya gliserini yalikuja mwisho, na hayo yalitakiwa kila siku.

Nyumbani kwetu kulikuwa na shangazi wa kalikiti. Mama alishona vitambaa vya ziada kwa ajili ya migongo ya makochi, na bado doa moja la mviringo lilibaki kwenye kochi la dirishani, mahali ambapo shangazi alipenda kuegemea akisikiliza redio. Alilala na kofia ya nailoni kichwani, na asubuhi alipoivua chumba kilinuka manukato na jasho. Leo wanamitindo hutembea jukwaani na nywele zinazong'aa kana kwamba wametoka kuoga, na ninapowaona huwaza makochi yao.

"Nywele za uzi ni za watoto na za vijijini"

Hili ndilo lenye mengi, na ndilo lililofichwa zaidi. Mpiga picha wa Nigeria J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kupiga picha vichwa vya wanawake, wengi kwa nyuma, na akakusanya mamia ya mitindo, mingi ikiwa ya uzi uliozungushwa mpaka nywele zikasimama kama matawi. Picha zake sasa hutundikwa katika majumba ya sanaa. Mwigizaji Lupita Nyong'o alipotokea Met Gala, sherehe ya mavazi ya New York, mwaka 2016 na nywele zilizojengwa juu, jarida la Vogue lilimtaja Audrey Hepburn, mwigizaji mzungu wa zamani, kuwa chimbuko lake. Naye akajibu kwa video fupi yenye picha za mwimbaji mweusi wa Marekani Nina Simone na za vichwa vya wanawake wa Afrika. Mwaka 2018, kwenye tuzo za Oscar, alivaa mtindo uliotokana na amasunzu, mtindo wa jadi wa nywele wa majirani zetu wa Rwanda.

Waganda huiita misuko ya mistari kichwani biswahili, jina ambalo hunichekesha kila mara kwa kuwa sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna jina moja kwa ajili yake: Mkenya atasema matuta, na Mtanzania atakupa jina la kila mtindo, ikiwemo twende kilioni. Uzi nao bado haujatoka saluni. Msusi hugawa fungu, hufunga uzi mweusi kwenye mzizi, huuzungusha kwa nguvu ya wastani hadi nchani, hufunga fundo na kukata kwa jino. Baada ya siku mbili au tatu hufungua, na nywele za kipilipili zinatoka zimenyooka na zimerefuka, bila koleo la Marcel na bila dawa yoyote.