Daktari wa skripti ni nani? Tumtazame Ben Hecht

Daktari wa skripti ni mwandishi anayeitwa kuitibu skripti ya filamu iliyoandikwa na mtu mwingine lakini haisimami: mazungumzo yamepooza, matukio hayashikani, au mwisho hauridhishi. Hulipwa kwa siku au kwa wiki, hufanya kazi yake upesi na kuondoka, na mara nyingi jina lake halionekani filamu inapoonyeshwa. Asichanganywe na mhariri, kwani mhariri husafisha tu kazi ya mwandishi, ilhali daktari huyu ana ruhusa ya kukata, kuongeza na hata kuandika upya onyesho zima.

Sijui mfano bora zaidi wa kazi hii kuliko Ben Hecht. Alizaliwa New York mwaka 1894, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka himaya ya Urusi, akakulia Racine, Wisconsin, na kufikia umri wa miaka 16 alikuwa tayari anafanya kazi gazetini Chicago. Huko ndiko alikojifunza mambo mawili ambayo daktari wa skripti hawezi kuyakosa, yaani kuandika haraka na kusikiliza jinsi watu wanavyosema hasa. Mwaka 1928 yeye na Charles MacArthur walipeleka Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York, tamthilia ya The Front Page, ambamo waandishi wa habari wamekaa katika chumba chao kwenye jengo la mahakama wakingoja mtu anyongwe, wanacheza karata, simu zinalia, na kila mmoja anadakia maneno ya mwenzake. Kasi ile ya mazungumzo iliingia katika filamu za Marekani na haikutoka tena.

Hollywood alikwenda baada ya rafiki yake, Herman Mankiewicz, kumpelekea simu ya maandishi mwaka 1926 akimwambia kwamba huko kuna mamilioni ya kuchukua na washindani wake ni wajinga watupu. Hadithi yake ya filamu ya Underworld ilimpatia tuzo ya Oscar katika hafla ya kwanza kabisa ya tuzo hizo, mwaka 1929. Baadaye aliandika Scarface na Notorious, filamu zenye jina lake. Zile alizozitibu bila kutajwa ni nyingi pia.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Gone with the Wind. Mapema mwaka 1939, baada ya upigaji picha kusimamishwa na mwongozaji kubadilishwa, mtayarishaji David O. Selznick alimchukua Hecht, ambaye hakuwa ameisoma riwaya ambayo filamu hiyo inatokana nayo. Hecht alieleza kwamba Selznick na mwongozaji mpya, Victor Fleming, walimwigizia maonyesho kwa zamu, wahusika wote, naye akiandika, usiku na mchana kwa muda wa wiki moja hivi. Dawa aliyoitoa ilikuwa ya busara: aliomba skripti ya awali ya Sidney Howard, akaiona ina umbo zuri kuliko marekebisho yote yaliyofuata, akairudia na kuipunguza. Howard ndiye aliyetajwa peke yake kuwa mwandishi wa filamu hiyo, na kwa maoni yangu alistahili, kwa sababu kumtambua mwenye msingi mzuri na kumrudishia nafasi yake ni sehemu ya utabibu wenyewe.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili. Daktari wa skripti hukubali kutotajwa kama sharti la kazi, na Hecht alilikubali mara nyingi kwa hiari. Lakini mwaka 1947 alichapisha gazetini tangazo la kuwasifu wapiganaji wa Kiyahudi waliokuwa wakiwashambulia Waingereza, watawala wa Palestina wakati huo, na wamiliki wa kumbi za sinema Uingereza wakaisusia kazi yake. Kwa miaka kadhaa, katika nakala za filamu zilizopelekwa huko, jina lake lilikuwa likiondolewa hata pale alipokuwa mwandishi halali wa skripti nzima.