Matunzo ya mtoto ni nini kisheria?

Simama kidogo kwenye soko la Majengo, Dodoma, hutakosa kumsikia mama akimlalamikia mwenzake: "Huyu baba watoto tangu Januari hatoi matumizi." Hayo matumizi ndiyo sheria inayaita matunzo: chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mwenye haki nayo ni mtoto. Mama anapokea tu kwa kuwa sufuria liko kwake, ndiyo maana hata wazazi wakiachana deni linabaki palepale.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wote wawili jukumu hili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na baba, hata kama mtoto anaishi kwingine: atoe mahitaji yenyewe au alipe gharama zake. Kwa hiyo gunia la mahindi kutoka Kibaigwa nalo ni matunzo, ingawa fundi wa sare za shule hapokei mahindi.

Ni shilingi ngapi kwa mwezi? Hakuna kiwango. Sheria ya zamani, iliyofutwa 2009, iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa; leo hiyo hata andazi ni taabu. Sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, anayeshika hela msimu kwa msimu, hapimwi sawa na mtumishi wa serikali wa Mtumba mwenye mshahara kila mwezi.

Kwa mtoto wa nje ya ndoa, wengi hukwama kwenye muda. Maombi dhidi ya anayetajwa kuwa baba hufunguliwa tangu mimba, au ndani ya miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Miezi hiyo ikipita, bado unaweza kuomba ukithibitisha kwamba ndani ya miezi hiyo 24 baba huyo aliwahi kutoa hela ya mtoto. Basi ule ujumbe wa "Umepokea Tsh 20,000" usiufute, hata kama mtumaji kashakublock.

Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii. Naye, au ndugu, anaweza kumwombea mtoto mahakamani. Amri hukoma mtoto akifika miaka 18 au akianza kujitegemea mapema, lakini akiwa bado anasoma, mahakama inaweza kuiongeza.