Maharage: yanayosemwa na yaliyomo ndani ya punje

Dhana: Maji ya kulowekea yana virutubisho, kuyamwaga ni hasara.
Vitamini na madini kidogo hutoka, ni kweli. Lakini hutoka pia sukari za rafinosi na stakiosi, zile zinazojaza tumbo gesi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria wa huko huzichachusha. Loweka kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu vya maji usiku kucha, kisha mwaga, suuza na uweke maji mapya. Sukari zitakazobaki zina faida: bakteria wakizila hutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asiyezoea maharage aanze na vijiko vitatu au vinne kwa mlo, aongeze wiki hadi wiki.

Dhana: Moto wa taratibu unatosha, mradi yapikwe muda mrefu.
Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Maharage mekundu yana lektini nyingi, protini inayonata kwenye ukuta wa utumbo. Punje 4 au 5 mbichi zaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa 1 hadi 3. Lektini huvunjwa na mchemko mkali. Maji yasipozidi nyuzi 80, kama kwenye sufuria za umeme za kupika polepole au mkaa uliofifia, ukali wake waweza hata kuongezeka kuliko wa punje mbichi. Kwa hiyo maji yatokote kwa nguvu dakika 10 bila kukatika, na salama zaidi dakika 30, ndipo upunguze moto. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ongeza muda. Punje ikigoma kupondeka kwa vidole haijaiva, hata kama mchuzi umekuwa mzito.

Dhana: Maharage pekee yanatosha kuongeza damu.
Madini ya chuma yamo, ila fitati, kemikali ya asili iliyomo humo humo, huyashika yasifyonzwe. Kuloweka hupunguza fitati kiasi. Vitamini C husaidia zaidi. Kamulia limau kwenye sahani, au kula chungwa au embe pamoja na mlo. Chai isubiri saa moja au zaidi, kwa sababu tanini zake huzuia chuma pia.

Dhana: Magadi hayana ubaya.
Hulainisha maharage makavu yaliyokaa ghalani, lakini huharibu vitamini B1.

Dhana: Mwenye jongo asiguse maharage.
Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulihusisha nyama na samaki na jongo. Mboga zenye purini nyingi (kemikali ambayo mwilini hugeuka asidi ya uriki, chanzo cha jongo), maharage yakiwemo, hazikuonekana kuongeza hatari.

Dhana: Jamii ya kunde ikishaiva haimdhuru mtu.
Wanaokula ful, yaani maharage mapana (fava) yanayoliwa Oman na Ghuba, wajue hili: ina kemikali iitwayo visini, na moto hauiondoi yote. Kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), hali ya kurithi, chembe nyekundu za damu huvunjika. Akiona mkojo mweusi kama kola na macho ya manjano siku moja au mbili baada ya kula, aende hospitali siku hiyo hiyo.