Maana ya mshauri elekezi katika benki na bima

Mshauri elekezi wa uongozi ni mtaalamu wa nje anayelipwa na kampuni ili aichunguze kazi yake, aoneshe kasoro ilipo na apendekeze namna ya kuirekebisha. Hana cheo ndani ya kampuni hiyo wala haamui kwa niaba yake: uamuzi ni wa bodi ya wakurugenzi, nayo ndiyo itakayojibu mbele ya Benki Kuu ya Uganda, au Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, mambo yakienda mrama.

Nchini Uganda kazi hii mara nyingi huzaliwa na mabadiliko ya sheria. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Taasisi za Fedha yalifungua njia kwa benki kuuza bima, ikafuata Sheria ya Bima ya 2017, kisha mtaji wa chini wa benki ya biashara ukapandishwa kutoka shilingi bilioni 25 hadi bilioni 150, mwisho wa kuutimiza ukiwa Juni 2024. Benki isiyo na fedha hizo ilipaswa kutafuta wanahisa wapya, kuungana na nyingine, au kushuka daraja na kuwa taasisi ya mikopo, na mshauri ndiye hukokotoa kila njia itagharimu nini.

Kwenye bima, kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi katika madai ya magari. Tuseme kampuni ya Kampala, kwa kila shilingi 100 za ada inazokusanya, hulipa fidia ya shilingi 60 na kutumia 48 kwa kamisheni na uendeshaji. Basi imepata hasara ya shilingi 8 kabla ya kuhesabu mapato ya vitega uchumi. Menejimenti itataka kupandisha ada. Mshauri makini hafiki huko haraka: hufungua majalada, akaweka pamoja fomu ya madai, ripoti ya polisi, makadirio ya gereji na hati ya malipo, akilinganisha tarehe na namba za magari. Akikuta gari moja limelipiwa mara mbili kwa ajali ileile, au makadirio yote yametoka gereji moja bila mkaguzi wa pili, dawa iko katika idara ya madai, na kumwongezea mteja ada ni kumwonea.

Wanaoingia katika taaluma hii husomea uhasibu, takwimu, sheria au bima. Huanza kwa kukusanya na kuchambua takwimu, baadaye huongoza timu, na hatimaye hutafuta wateja wenyewe. Kwa maoni yangu, aliyewahi kuketi dawati la mikopo au la madai humzidi mbali aliyetoka chuoni moja kwa moja, kwani anajua karani hukwama wapi. Siri za mteja hazisemeki, maana leo anaishauri kampuni moja na kesho huenda akaitwa na mshindani wake. Ndiyo sababu mkataba hueleza mapema nani atashika takwimu, na kwa muda gani mshauri hatagusa kazi ya mpinzani.