Wosia: kuuandika mwenyewe au kwenda kwa wakili

Wosia ni maelezo ya mtu aliye hai kuhusu mali yake: igawiwe vipi atakapofariki, na nani awe msimamizi wa mirathi. Hauna nguvu mpaka siku anapokufa. Kabla ya hapo aliyeuandika yu huru kuuza nyumba aliyoitaja, kubadili jina la msimamizi, au kuuchana na kuandika mwingine, ilimradi ana akili timamu na hakuna anayemlazimisha.

Hakuna sheria Tanzania inayosema wosia lazima uandikwe na wakili. Bibi wa Ngamiani anayeandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari, akaweka tarehe, akatia saini, na mashahidi wanaostahili wakatia zao, ana wosia kamili sawa na ule uliopigwa chapa na kugongwa mhuri ofisini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wazee wengi wa hapa Tanga hufa bila karatasi yoyote wakiamini kwamba wosia ni wa matajiri na mawakili, halafu nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji inawagombanisha watoto kwa miaka.

Shida kubwa iko kwa mashahidi, kwa kuwa nchi yetu ina sheria tatu za mirathi, na kila moja ina masharti yake. Ipo sheria ya mila, ambayo kanuni zake zilitangazwa na serikali mwaka 1963. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni na inayotumika hadi leo, hasa kwa Wakristo walioachana na maisha ya kimila.

Kwa kanuni za mila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; kama hajui kusoma, wanarudi kuwa wanne, naye anaweka dole gumba. Zaidi ya hao, mke au wake walio nyumbani wakati huo nao wanatakiwa washuhudie. Kwa sheria ya 1865 inatosha mashahidi wawili, lakini shahidi aliyeandikiwa kitu ndani ya wosia anakikosa, na hata kama aliyeandikiwa ni mume au mke wa shahidi, naye anakikosa.

Tazama hapo mtego ulivyo. Mzee wa Chumbageni anayefuata mila akimwacha mkewe jikoni bila kumwita atie saini, wosia unaweza kupingwa. Jirani yake Mkristo, ambaye mirathi yake itakwenda kwa sheria ya 1865, akimwita mkewe awe shahidi, amemnyang'anya nyumba aliyotaka kumpa. Saini ileile inajenga huku na kubomoa kule. Ndiyo maana swali la kwanza linatakiwa liwe hili: mali yangu itagawiwa kwa sheria ipi? Bei ya wakili ije baadaye.

Jibu la swali hilo mahakama hulitafuta kwa kuangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Jina la Kiislamu peke yake au cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi ubishi. Kwa hiyo andika waziwazi mwanzoni mwa wosia kwamba wewe ni muumini wa dini fulani, unaishi kwa taratibu zake, na unataka mirathi yako ifuate sheria fulani. Sentensi mbili kama hizo zinaokoa vikao vingi.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi pwani hii, wosia una mpaka ambao watu hawauzingatii. Mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa katika Sura ya An-Nisaa, wala huwezi kuyabadilisha kwa kalamu. Unachoweza kuusia ni theluthi moja, baada ya kutoa gharama za mazishi na kulipa madeni, tena kwa mtu asiyekuwa mrithi. Ukimwandikia mrithi, inabidi warithi wenzake waridhie baada ya kifo chako. Tuseme mvuvi wa mtaa wa Deep Sea amefariki na baada ya madeni zimebaki shilingi milioni 60. Wazazi wake hawapo. Ana mke mmoja, watoto wa kiume na wa kike, na mtoto wa kulea. Mtoto wa kulea si mrithi, hivyo bila wosia hapati chochote. Kwa wosia anaweza kupewa hadi milioni 20. Katika 40 zinazobaki, mke anachukua thumuni (sehemu moja ya nane), yaani milioni 5, na 35 wanagawana watoto, wa kiume fungu maradufu ya wa kike.

Mimi naona hapa ndipo wosia unapofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Mtoto wa kulea, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa huku ami zake wako hai: hawa wote wanaweza kuachwa mikono mitupu na mtu aliyewapenda kweli, kwa sababu tu hakuandika mistari mitatu.

Mtu wa namna gani basi aandike mwenyewe? Mwenye nyumba moja au shamba moja lenye nyaraka kwa jina lake, mke au mume mmoja, watoto wanaojulikana, na nia isiyopingana na sheria anayoifuata. Aandike jina lake kamili, tarehe, kila mali na mahali ilipo, namba ya hati kama ipo, madeni anayodai na anayodaiwa (watu husahau mkopo wa kikundi), anayempa nini, na msimamizi. Aseme pia kwamba wosia huu unafuta wa zamani. Mashahidi wawepo pamoja anapotia saini. Si lazima wasomewe yaliyomo ili wawe mashahidi; wanashuhudia kwamba ametia saini mwenyewe, kwa hiari yake.

Nenda kwa wakili kama mambo yana mafundo. Ndoa zaidi ya moja, au watoto wa mama tofauti. Nyumba yenye majina mawili kwenye hati, kwa maana huwezi kumpa mtu fungu la mwenzako. Hisa za kampuni. Mali iliyoko Mombasa au nchi nyingine. Mume na mke wa dini tofauti. Nia ya kumnyima mtoto urithi: kwa mila inawezekana kwa sababu maalumu ambazo lazima zitajwe, kwa Uislamu haiwezekani kwa wosia. Aliyeandika wosia halafu akaoa naye aende, kwani kwa sheria ya 1865 ndoa mpya inaufuta wosia wa kabla yake.

Fundo jingine ni la kwetu hasa. Wadigo zamani walirithishana kwa upande wa mama, mali ya mjomba ikaenda kwa mpwa, na kanuni za 1963 zilitungwa kwa kufuata makabila ya upande wa baba. Uislamu nao unawapa watoto mafungu yao. Shamba la minazi kule Mkinga linaweza kudaiwa na wapwa kwa mila na watoto kwa dini, na kila upande ukaamini una haki. Shamba kama hilo lisiachwe kwenye karatasi ya daftari. Kwanza ijulikane kama ni la ukoo au ni la marehemu mwenyewe.

Kati ya kalamu yako na wakili ipo njia ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaosaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure kwa wasio na uwezo. Kwa Muislamu, kadhi au shekhe anayejua faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, atakukokotolea mafungu vizuri, ila mashahidi na saini bado ni kazi yako. Wa kuwaepuka ni vishoka, wanaojiita mawakili bila leseni. Muulize wakili jina lake kamili ulihakiki kwenye orodha ya mawakili kabla hujalipa hata senti.

Ukishamaliza, usiufungie wosia kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mrithi mmoja. Nakala iwe RITA, kwa wakili, benki, au msikitini na kanisani, na msimamizi uliyemtaja ajue ilipo, kwa sababu ndiye atakayeibeba kwenda mahakamani: Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kwa ile ya sheria ya 1865.