Gurudumu la mbele linalovuma: kutoa mlio na kucheza (kulegea) ni mambo mawili

Land Cruiser ya mwaka 1996, yenye ekseli ngumu mbele (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili), iliingizwa gerejini kwangu ikiwa na beringi mpya, vile vyuma vinavyowezesha gurudumu kuzunguka kwa urahisi, kwenye gurudumu la mbele la upande wa kulia. Zilikuwa zimefungwa kwingine wiki mbili nyuma. "Fundi, nimelipa na bado inalia," mwenye gari akaniambia. Nikamwambia, mzee, washa gari twende, kwa sababu mlio wa beringi hausikiki gari likiwa limesimama.

Tulishika barabara ya Southern Bypass, Nairobi. Kuanzia kilomita 60 kwa saa, mvumo ukaanza, kama wa mzinga wa nyuki. Nikaweka gia ya huru na kuacha gari liteleze. Injini ilitulia lakini mvumo haukutulia, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuilaumu injini. Kisha nikasikiliza lami inapobadilika, maana tairi za matope huimba wimbo tofauti kwenye kila aina ya lami. Beringi haijali lami, inajali mwendo na uzito.

Kuhusu uzito, raundabauti zetu zinasaidia sana. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, raundabauti humzungusha dereva kulia, na gari hulalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukipanda hapo, shuku upande wa kushoto. Ulipanda. Lakini hiyo ni dalili tu, bado si hukumu. Sauti husafiri ndani ya chuma cha ekseli na kutokea usipotarajia, na mimi mwenyewe nimewahi kufungua upande usio na kosa kwa kuamini sikio.

Magari haya ya zamani yana zawadi nyingine: habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, zenye kifungio cha kuziunganisha na shafti au kuzitenganisha kwa mkono. Zigeuze hadi FREE, bila gia ya magurudumu manne, na shafti za mbele, difu ya mbele (gia za katikati ya ekseli) na propela yake (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) vyote vinaacha kuzunguka. Tukarudia barabara ileile. Mvumo ulikuwa palepale. Zikabaki tairi na beringi tu, na tulipohamishia tairi za mbele nyuma, mvumo ulibaki mbele.

Sasa jeki. Usiamini jeki peke yake, weka na stendi. Shika tairi, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, uitikise. Tairi ya upande wa kulia ilicheza waziwazi, ya kushoto haikucheza hata kidogo. Fundi wa kwanza alikuwa ameishia hapo, na simlaumu sana, kwani wengi wetu tulifundishwa hivyo.

Nilimwomba mwenye gari akanyage breki na kuishikilia, nikatikisa tena kulia. Bado ilicheza. Breki ikibana diski, habu inashikamana na nako (chuma cha mwisho wa ekseli kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo), na uchezaji wa beringi za gurudumu unapotea. Ukibaki, tafuta nyuma zaidi: zile beringi ndogo za kingpini, juu na chini ya nako, zinazowezesha gurudumu kukata kona. Ndizo zilizokuwa zimelegea. Beringi za gurudumu zilizotolewa kulia huenda hazikuwa na kosa lolote.

Kushoto nilizungusha gurudumu polepole huku kiganja kikiwa kwenye nako. Nilihisi mkwaruzo, kama kusaga mchanga. Beringi inaweza kuwa imekufa na isicheze, hasa ikiwa nati imekazwa kupita kiasi.

Tulipofungua, grisi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mzee alikuwa amevuka mto upande wa Magadi wakati wa masika. Habu yenye joto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili (mpira wa kuzuia maji na grisi) iliyochoka. Beringi ya ndani ilikuwa na vishimo vya kutu, na kikombe chake, ile pete ya chuma ambayo beringi huzungukia ndani yake, kilikuwa kimebanduka uso. Kikombe lazima kitoke pamoja na beringi yake. Kuweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni kutupa pesa. Ukinunua Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma, si ile ya kwenye boksi.

Kufunga kuna jambo moja ninalolishikilia. Nati mbili zinazoshikilia beringi zinataka soketi ya milimita 54, si patasi na nyundo. Naikaza ya kwanza ili beringi ikae, nazungusha habu huku na huku, nalegeza, kisha nakaza kidogo. Halafu nanasa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, kwenye boliti ya gurudumu na kuvuta. Habu ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 5. Naweka washa (kipande bapa cha chuma) ya kufungia nati, nakaza nati ya pili, na napima tena, kwa sababu nati ya pili hubadilisha kipimo.

Tuliporudi Southern Bypass, kilichosikika ni tairi za matope tu. Kimya kilipozidi, mzee akageuza shingo: "Fundi, na hicho kinachogonga nyuma?"